Darubini na Nyumba ya Mwisho

Vijana wangu wa karakana, miaka yote mmenicheka kwa mambo mawili. La kwanza, sikubali kufanya kazi nikiwa nimeupa mlango mgongo. Mmelihamisha benchi langu mara nyingi, mara kwa utani, mara kwa kisingizio cha kufagia, na kila mara nimelirudisha ukutani. La pili, mmeniona nikipiga randa ubao uliokwisha kulainika, naenda narudi pale pale, macho yako kwingine kabisa. Mmoja wenu, simtaji kwa kuwa ana watoto, alisema akili za mzee zimeanza kumruka.

Sasa nimestaafu. Kile kiti mlichonitengenezea nakikalia hapa Ngonga, na mguu wake mmoja ni mfupi, lakini hayo tuyaache. Nina nafasi ya kujibu. Tena nimeona nijibu mapema, kwa sababu nimesikia msimamizi mpya ametoboa ukuta wa ofisi yake akatia kioo, apate kuwaona mkiwa kazini. Mnasema ni kioo tu. Huenda ni kioo tu. Lakini niliposikia habari hiyo niliinuka na kwenda kuufunga mlango wa nyumba yangu mwenyewe, mchana kweupe, mke wangu akiniangalia.

Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Nitaandika kazi yangu ya kwanza, zamani za Mdachi, yaani Mjerumani, kwa maana mambo yote mawili mnayonichekea niliyapata huko.

Karakana ile ilikuwa ufukweni mwa ziwa, upande wa Ikolo, mwendo wa asubuhi moja kutoka kwetu Ngonga. Mwenyewe, tuliyemwita Bwana, alikuwa mfanyabiashara wa Kidachi, si mtu wa serikali wala wa misheni. Alitengenezesha mashua za kubeba mpunga na mpira kutoka ufukweni hadi kwenye meli ya moshi iliyotia nanga mbali. Nilifika nikiwa nimetoka shule ya misheni, najua kusoma, najua nyimbo nyingi za kanisani, na sijui hata upande upi wa tezo unakata. Mlangoni nilivalishwa kipande cha bati shingoni chenye namba saba. Nilimwambia askari kwamba jina langu ni Ambokile. Akasema hakuniuliza.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Fundi Mbaraka, mtu wa Kilwa, aliyekuja na misafara akachoka kutembea. Alikaa kwetu miaka mingi na neno alilolishika la Kinyakyusa ni moja tu, ndaga, yaani asante, akalitumia kwa kila jambo, hata kwa kuaga na kwa kutukana. Alinifundisha kunoa patasi, kugonga ubao na kusikiliza kama una ufa ndani, kutia kalafati kwenye viungo, pamba kwanza halafu lami, bila haraka. Zaidi ya yote alinifundisha kusimama. Alikuwa akiuweka ubao wa mvule mbele yake, anaweka mikono kiunoni, anautazama mpaka mtu mwingine angedhani amelala wima. Kisha anapiga mstari mmoja wa makaa, anakata, na ubao unakaa mahali pake bila kusukumwa.

"Mwanangu," aliniambia, "huu ndio wakati ninaofanya kazi. Msumeno ni kumalizia tu."

Ndivyo tulivyofanya kazi mpaka ilipokuja darubini. Bwana aliinunua kwa nahodha mmoja, ya shaba, yenye miguu mitatu, akaisimamisha barazani kwake, juu kidogo ya ufuko. Kutoka pale aliona mabenchi yote, mtumbwi wowote uliokaribia, na njia ya kwenda msalani. Mwanzoni tuliona ni jambo la kuchekesha. Tukampa jina, Bwana Darubini, na wengine wakampungia mkono. Halafu filimbi ikaanza. Mtu akisimama kidogo, filimbi inalia barazani na askari anashuka, anataja namba, na namba hiyo inapunguziwa posho au inakula kiboko kulingana na Bwana alivyoamka.

Yeye alikuwa na sheria moja, kwamba mikono isiyokwenda haifanyi kazi. Kwa hiyo Fundi Mbaraka, aliyekuwa fundi bora kuliko wote ufukoni, alipigiwa filimbi kuliko wote.

Hapo ndipo alipobuni ubao wa kufikiria. Alichagua kipande cha mvule, akakibana kwenye benchi, na kila alipotaka kutafakari kipimo alikipiga randa, kwenda na kurudi, huku macho yake yakiwa kwenye ile mashua. Barazani walimwona mtu mwenye bidii. Nasi tukaiga, kila mmoja akapata ubao wake. Ungefika siku zile ungedhani karakana nzima inatengeneza maranda. Ubao wa Fundi ulizidi kuwa mwembamba mwaka hata mwaka, naye akausikitikia.

Mtasema basi tulimshinda. Hapana, hatukumshinda. Kitu kile kiliingia mwilini. Nilianza kuhisi shingo inawasha upande wa barazani. Nilicheka nikiwa nimeinamisha uso. Nilipojikuna nilijiuliza kama kujikuna ni kazi. Hata siku Bwana alipokuwa safarini na darubini imefunikwa kitambaa, hakuna aliyethubutu kusimama, maana nani alijua kama kweli amesafiri? Niliogopa kila siku, nasema wazi, na woga wa kila siku humchosha mtu kuliko kubeba magogo.

Kisha misumari ya shaba ikaanza kupungua. Mnajua mashua ya majini haipigwi msumari wa chuma, huoza. Misumari ile ilitoka mbali, na Bwana aliilinda yeye mwenyewe. Kila jioni alikaa kwenye kiti chake barazani, sanduku la misumari mapajani, akiihesabu kwa vidole, na jicho moja liko kwenye darubini. Baraza lenyewe lilijengwa na fundi mwenye haraka kabla ya enzi zetu, na mbao zake zilikuwa na mianya. Fundi Mbaraka aliwahi kuomba aizibe, kwa aibu ya ufundi tu. Bwana alimjibu kwamba hataki nyundo karibu na kichwa chake.

Misumari ilipozidi kupungua, alikata shauri kwamba tunakwenda nayo nyumbani. Tulikuwa tukipekuliwa mlangoni kila jioni, vikapu vinamwagwa, midomo inafunguliwa kama ya punda anayeuzwa, na hakikuonekana kitu. Kwake yeye hilo lilithibitisha kwamba tunaficha vizuri. Akatoa amri mpya. Wafanyakazi wote walale pale pale, katika nyumba za mstari mmoja, milango yote ielekee barazani. Wigo wa mianzi marufuku. Migomba ikatwe. Tena kila mwenye mke amlete, kwa sababu mtu mwenye mke karibu hatoroki. Atakayekataa ataandikiwa boma kama mtoro, na boma maana yake mnyororo.

Mnaotoka kwetu mnajua nyumba bila migomba ni kitu gani. Ni mtu aliyesimama sokoni bila nguo. Niliikata kwa mkono wangu, shina kwa shina, na mke wangu Tupokigwe akakaa mlangoni akiyatazama majani yakianguka. Tulikuwa tumeoana juzijuzi. Tangu siku ile aliacha kutwanga nje. Alichota maji alfajiri kabla mwanga haujafika, akitembea ameinama, na jioni swali lake kwangu lilikuwa lile lile.

"Leo amenitazama?"

"Sijui," nilimjibu, na hilo ndilo lililokuwa baya, kwamba kweli sikujua.

Alitakiwa mtu wa kukagua nyumba hizo kila asubuhi, afungue kila mlango, atazame ndani, ahakikishe nani amelala na kuna nini. Siku za kwanza alikagua askari. Alipiga mlango teke, akatia kichwa, akakaa hapo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, wanawake wakiwa bado hawajavaa vizuri. Watu wakaanza kunong'ona habari ya mapanga. Bwana, ambaye hakuwa mjinga wa kila kitu, akaona aweke mtu mzima anayeheshimiwa. Akamchagua nyapara wa wabeba magogo. Nyapara huyo alikuwa baba yangu mzazi.

Hapa sina budi kuwaeleza ninyi mliozaliwa mjini, maana siku hizi mila hii imelegea. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si chuki, ni heshima, na wenyewe tunaiita kuogopa. Mke wa mwanao hakutazami, hasemi nawe, hapiti njia yako, na jina lako halitamki. Nawe ukijua yuko karibu unakohoa, unageuka, unampisha. Ndiyo maana zamani vijana walijenga kijiji chao mbali na cha baba zao. Iliaminika kwamba heshima hiyo ikivunjwa anayeumia ni mwanamke, tena tumboni mwake, asizae au azae kwa shida. Walimu wa misheni walitwambia Mungu hana habari na mambo hayo. Tuliitikia amina, tukarudi nyumbani tukaendelea kupishana.

Baba alinijia nyuma ya rundo la magogo, mahali pekee ambapo darubini haikufika.

"Ugonile, mwanangu," alinisalimia, na alikuwa amekonda.

"Tata, utakataa?" Nilimwita tata, yaani baba, kama tunavyowaita kwetu.

"Nikikataa ataendelea yule askari. Umeona anavyozitazama nyumba za watu. Nikikubali, nyumba yako nayo iko mstarini."

Mwisho tukapanga hivi. Mimi niombe nyumba ya mwisho kabisa, iliyopakana na matete, ili baba asilazimike kupita mbele ya mlango wetu akienda kwa wengine. Kila asubuhi akifika nyumba ya jirani atakohoa. Tupokigwe atakwenda nyuma kabisa, ajifunike mkeka. Mimi nitatoka nje niseme, "Tupo wote." Baba atakuwa ameuelekeza uso ziwani, ataitikia, atarudi barazani kutoa taarifa. Tulidhani tumepata njia. Ilituchukua miezi kujua tumejichimbia shimo wenyewe.

Asubuhi zile zilikuwa za tabu. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo nikisubiri kikohozi. Kikichelewa niliogopa baba amefukuzwa. Kikija nilisikia mkeka ukiburuzwa nyuma yangu, na pumzi ya Tupokigwe ikikatika. Alikuwa na mimba kwa wakati ule, ya kwanza, na ilishaanza kuonekana. Alinishika mkono usiku mmoja akaniuliza kama kumsikia baba akikohoa karibu kiasi kile ni kosa au si kosa. Nilimwambia si kosa. Sikuwa na hakika.

Na muda wote huo jicho lilikuwa barazani. Bwana alimwona nyapara wake akifungua mlango wa kwanza na kutazama, wa pili na kutazama, mpaka wa mwisho. Pale anakohoa, anageuka, anatazama ziwa, anaondoka. Kila siku. Tafadhalini, jiwekeni mahali pake. Kitu alichokiona kilikuwa cha kweli. Alikiona vizuri sana, kwa kioo cha kutoka Ulaya. Kile tu ambacho hakukielewa ni heshima, akaisoma kama hatia.

Asubuhi moja, misumari ikiwa imepungua tena, filimbi ililia kabla ya kazi kuanza. Tuliitwa wote tukapangwa mbele ya nyumba yangu. Bwana alishuka mwenyewe, na askari wawili. Mmoja alinishika bega. Tupokigwe alikuwa ndani.

"Nyapara," Bwana alisema kwa Kiswahili chake cha amri, "nyumba zote wewe natazama. Hii hapana tazama. Mtoto yako naficha misumari, wewe najua."

Fundi Mbaraka ndiye aliyekuwa msemaji wetu kwa Bwana kila palipokuwa na matata. Alivua kofia yake.

"Bwana, si hivyo. Humo ndani mna mkamwana wake. Desturi ya hawa haimruhusu kumwona. Hata mimi nilicheka nilipoisikia mara ya kwanza, lakini ni kweli, waulize wote."

"Mimi sina haja uliza. Mimi naona." Bwana alionyesha darubini yake kule juu. "Sasa yeye ataingia, atatoa vitu vyote. Hapana taka? Basi askari ataingia, mwanamke atatoka, atasimama hapa mbele yake, mpaka misumari naonekana."

Mstari mzima uliguna. Nilimtazama baba. Alikuwa akiiangalia ile nyumba kwa mara ya kwanza tangu ijengwe, nyumba tu, ukuta na paa, kama anayekisia ukubwa wake. Halafu alivua mgolole wake begani, akaukunja mara mbili, akajifunga machoni, akakaza fundo kisogoni. Akanyoosha mikono mbele, akaupapasa mwimo wa mlango, akainama na kuingia.

Ndani mlikuwa na giza na moshi. Mlangoni palikuwa na jiko, na juu ya mafiga chungu kikubwa cha kutoka soko la vyungu la Lyulilo, ambacho mama yake Tupokigwe alitupa siku ya arusi. Asubuhi ile Tupokigwe alikuwa amekijaza maji kabla ya filimbi kulia, na sasa yalikuwa yanatokota. Tulisikia kikapu kikiburuzwa. Tulisikia mkono ukipapasa ukuta. Baba alikuwa anarudi nyuma na mkeka kwapani, nikaona kisigino chake kwenye mwanga wa mlango, hakijui kinakokwenda, kinatafuta ardhi. Nyuma yake chungu. Mimi nimeshikwa. Nikafungua mdomo, na kabla sauti haijanitoka nikasikia nyingine, nyembamba, kutoka gizani kabisa.

"Tata, moto!"

Kisigino kikasimama hewani. Kisha kikateremka taratibu, upande wa pili wa mafiga.

Watu wote wa kwetu waliinamisha vichwa chini. Mwanamke amesema na baba mkwe wake, tena mbele ya wanaume kijiji kizima. Bwana aliona vichwa vikiinama, akageuka kwa Fundi.

"Amesema nini?"

Neno lenyewe Bwana alilijua, kwa maana Kinyakyusa na Kiswahili kwa moto havipishani sana, lakini alilisikia nusu. Fundi Mbaraka alikuwa bado ameshika kofia.

"Amepiga chafya, Bwana."

"Chafya?"

"Moshi, Bwana."

Na mwenzetu mmoja kule mwisho wa mstari, Mungu amweke pema, akapiga chafya.

Baba alitoka na mkeka, kikapu, jembe la mkono, na nguo zetu mbili. Akavipanga mchangani kwa kupapasa, kisha akafungua macho akiwa ameupa mlango mgongo. Hapakuwa na misumari. Bwana aliingia mwenyewe, akachokora majivu, akapiga chungu teke kikapasuka, maji yakazima moto, akatoka na masizi kofiani. Tupokigwe alikuwa amejiviringisha kwenye pembe, uso ukutani. Bwana kumwona haikuwa neno, yeye hakuwa mkwe wa mtu. Baba alipigwa viboko palepale kwa kosa la kufunga macho akiwa kazini. Ndivyo Bwana alivyolitaja kosa hilo. Akavuliwa unyapara, akapewa kipande cha bati na gogo la kubeba.

Mimi niliviokota vigae vya chungu. Tupokigwe hakulia. Alikaa siku nyingi bila kusema, na aliposema ilikuwa kwa sauti ya mtu anayejihesabia.

"Nilisema naye."

"Ulimwokoa."

"Ningenyamaza angeungua. Nimesema, na mtoto je?"

Kila alipojishika kiuno niliacha kula. Kila mtoto alipotulia tumboni kwa saa chache tulitazamana. Darubini ilikuwa bado iko pale, askari amerudia ukaguzi wake wa mateke, nami nilikuwa nayawaza mambo hayo yote mkono wangu ukisukuma randa kwenda na kurudi. Kama mnataka kujua nilikuwa nafikiri nini pale mnaponiona hivyo, mara nyingi ni hilo.

Aliyetutoa ni Fundi tena. Alimwambia Bwana, kwa uso wa mtu anayetoa taarifa ya kalafati, kwamba wanawake wa huku wanapozaa hupiga kelele siku tatu mfululizo, na kelele hizo husikika vizuri sana barazani. Bwana hakupenda kelele. Tupokigwe akaruhusiwa kwenda Ngonga kujifungua, wala hakurudi tena ufukweni.

Kule wazee walikuwa wamekwisha kusikia. Walikaa kuamua kama heshima imevunjwa na nini kifanyike. Baba aliitwa, mgongo wake haujapona. Waliniambia baadaye kwamba alisikiliza yote, kisha akasema, "Mimi sikusikia neno. Nilisikia chafya." Wakamuuliza mara ya pili, akasema vivyo hivyo. Kwa kuwa aliyekosewa hakukosewa, kikao kikavunjika. Uongo wa mtu wa Kilwa ukawa ukweli wa ukoo wetu, na mke wangu akaanza kula tena. Alizaa mtoto wa kike, mkubwa, mwenye sauti ya kuwafikia watu ng'ambo ya mto.

Lakini kauli ile ya baba ilikuwa na upande wa pili, nami nilichelewa kuuona. Kama hakusikia neno, basi hakuokolewa na mtu. Na kama hakuokolewa, hana wa kumshukuru. Nilikuwa namwona akija kwangu Ngonga Jumapili nilizopata ruhusa, anakaa nje upande wa mbali, anamrusha mjukuu wake juu, anakunywa alicholetewa na mtoto. Kila akiinuka kuondoka alisimama kidogo akilitazama jiko letu la mianzi, halafu akaenda zake.

Nilifanya kazi pale mpaka vita. Habari za vita wengine wamewasimulia, mimi niliviona kwa namna ya wabeba mizigo wasiorudi. Fundi Mbaraka hakufika huko. Alikufa kwa homa, na wosia wake kwangu ulikuwa ule ubao wa kufikiria, ambao ulikuwa mwembamba hata mwanga ukipita. Waingereza walipokaribia, Bwana aliondoka kwa njia ya milimani. Darubini alikwenda nayo. Filimbi aliisahau.

Wiki hiyo hiyo watu walishuka kubomoa baraza wapate mbao. Mimi nilikuwa na nyundo, nikaanza na pale kilipokuwa kiti chake, kwa kuwa ndipo palipokuwa na ubao mzuri. Nikaunyanyua. Chini yake mchangani ilikuwa imelala misumari ya shaba, imegeuka kijani, mamia kwa macho tu, mingine imesimama kama ilivyoanguka kwenye mwanya. Ya jioni zote zile. Nilikaa chini. Wenzangu walianza kucheka, wakacheka mpaka wakashika mbavu, mimi kicheko hakikuja. Nilikuwa naisikia ile sauti nyembamba kutoka gizani.

Nilichukua mmoja nikaenda nao Ngonga. Baba alikuwa amekaa nje ya nyumba yangu, upande wake ule ule wa mbali, migomba yangu mipya imeshamfika begani. Nilimwekea mkononi. Aliugeuza, akaukwaruza kwa ukucha mpaka shaba ikaonekana.

"Ilikuwa wapi?"

"Chini ya baraza, tata. Chini ya kiti chake."

Kisha aliuliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza tangu nioe.

"Yule wa nyumbani mwako yuko?"

"Yuko jikoni, anatwanga."

Akainuka. Nilidhani anaondoka. Badala yake alizunguka nyumba, polepole, mpaka nyuma ya jiko, akasimama karibu na ukuta wa mianzi akiwa ameupa mgongo, uso kwenye migomba, msumari mkononi. Akakohoa. Mchi ukanyamaza.

"Ndaga," alisema.

Hakungoja. Aliondoka kwa njia ya mtoni bila kugeuka. Mchi ulikaa kimya kidogo, halafu ukaendelea.